Memori Iliyopigwa Tupa

"Kwa hiyo shida hasa ni nini?" Daktari aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu mkewe akamjibu kwa sauti ile ile, sauti ya mtu aliyezoea kuwasomea wateja hati zao kwenye ofisi ya wakili.

"Kompyuta yetu ina memori ya giga mbili. Wale wa kazi mpya wanataka nane. Isipofika nane, programu yao haifunguki. Isipofunguka, sifanyi kazi. Nisipofanya kazi, hawanilipi. Niendelee?"

"Basi, mama watoto. Nimeuliza tu."

Usidhani Daktari alikuwa daktari wa watu. Alikuwa fundi wa funguo na vitasa, mwenye kibanda chake kando ya barabara ya maduka, na jina hilo walimpa wateja kwa sababu yeye hasemi kufuli limeharibika. Yeye husema linaumwa. Analishika, analitikisa karibu na sikio, anakunja uso, halafu anatamka ugonjwa. Miaka ishirini na miwili hakuna kitasa kilichomshinda, na kama kipo, hakuwahi kukitaja nyumbani.

Mkewe alikuwa mpiga chapa. Miaka kumi na minane alimwandikia wakili mmoja mashtaka, mikataba na barua za vitisho, mpaka mzee wa watu akachoka, akafunga ofisi, akamwachia kompyuta aliyokuwa akiitumia pamoja na shukrani nyingi. Shukrani zilikuwa mpya. Kompyuta ilikuwa kuukuu. Miezi saba mama wa watu alizunguka na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, na kila alikokwenda aliulizwa umri kabla ya kuulizwa kazi. Halafu, kama mzaha, akaiona kazi hii: kampuni inakutumia rekodi za mikutano, unavaa hedifoni, unaandika kilichosemwa, unarudisha. Nyumbani kwako, mezani kwako. Alifanya mtihani wao wa kuchapa kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa, watu arobaini, akawa wa kwanza. Wa kwanza! Mwanamke wa miaka hamsini na moja aliwaburuza wasichana wenye kucha za rangi. Siku hiyo alirudi nyumbani akiimba.

Kazi ilikuwa ianze Jumatatu saa mbili asubuhi. Sasa ilikuwa Ijumaa alasiri, na kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na mstari mwekundu unaosema memori haitoshi.

"Si unanunua tu, unachomeka?" Daktari alisema.

"Ndivyo wanavyosema. Lakini zipo aina nyingi. Tuibebe hii mashine mpaka dukani, wafungue, waone wenyewe inachokula."

"Nibebe lisanduku lote hili kwa sababu ya kidude kama kitana?"

"Wewe mwenyewe umebandika pale kibandani: Lete ufunguo, usilete maneno. Mteja akija na maneno unamfukuza."

Alimpata. Daktari akacheka kidogo, akajikuna kidevu, lakini hakukubali. Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa ng'ambo ya barabara, linatazamana na kibanda chake uso kwa uso, na yeye hakuwa tayari kuonekana na mtaa mzima akivuka barabara na mashine begani, anampelekea fundi mwenzake amsaidie. Hilo hakulisema. Alisema, "Kompyuta si kufuli, mama watoto. Niachie mimi. Kesho nakwenda."

Kesho yake mkewe alikuwa na karatasi za mkataba za kwenda kuchapisha na kutia sahihi, na foleni ya duka la kuchapisha siku ya Jumamosi inajulikana. Basi akakubali. Akaingia chumbani, akatoka na noti zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Zilikuwa za mwisho katika kile kiinua mgongo chake.

"Baada ya hizi hakuna nyingine," alisema. "Uliza vizuri kabla ya kununua."

"Mimi tena?"

*

Mwenye duka watu walimwita Miwani, kwa kuwa alikuwa na miwani miwili, mmoja wa kuonea na mmoja wa kusahau kwenye paji la uso. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na mteja huku mikono yake ikifungua kitu kingine.

"Daktari! Leo umevuka barabara. Nani mgonjwa?"

"Nataka memori ya nane."

"Ya mezani au ya kubeba?"

"Ya mezani." Hapo alijibu vizuri, akajisikia.

"Ya tatu au ya nne?"

Daktari akajikuna kidevu. Nyuma yake walikuwapo watu wawili, mmoja wao mteja wake wa zamani, yule mwenye stoo ya saruji aliyechongewa naye funguo za makufuli tisa. Alihisi macho yao kwenye kisogo.

"Mashine yako inatumia kizazi cha tatu au cha nne?" Miwani alirudia, bila ubaya wowote. "Kama hujui, nenda kaniletee hata ile ya zamani uliyonayo, nitaitazama. Ni dakika mbili."

Dakika mbili! Angesema tu sijui. Neno lenyewe lina silabi tatu, mtoto wa chekechea analiweza. Lakini Daktari alishazoea kuwa mtu wa upande wa pili wa kaunta, mtu anayejua, na akaona nne ni zaidi ya tatu, na kilicho zaidi hakiwezi kuwa kibaya.

"Ya nne," akasema. "Nani siku hizi anatumia ya tatu?"

"Una hakika, mzee?"

"Nimekwambia ya nne."

Miwani akatoa vipande viwili, kila kimoja cha giga nne, viwili vinafanya nane. Vilikuwa vibao vyembamba vya kijani, vyenye meno ya dhahabu upande mmoja na pengo dogo katikati ya meno. Daktari alivigeuza mkononi, akapenda kazi ya mtu aliyevitengeneza. Alilipa. Risiti ikagongwa muhuri, na chini ya muhuri yakasomeka maneno ambayo kila mtu ameyasoma na hakuna anayeyasoma: mali ikishauzwa hairudishwi.

*

Jumapili baada ya chai mkewe alijifungia chumbani na hedifoni masikioni, anajizoeza kuandika kwa kufuatisha mazungumzo ya redio kwenye simu. Alikuwa na kibodi ya kompyuta mapajani, haijaunganishwa na chochote, na vidole vyake vilisikika mpaka sebuleni, taka-taka-taka, bila kituo. Daktari aliilaza kompyuta juu ya meza ya kulia, akafungua ubavu wake kwa bisibisi. Bintiye wa sekondari alikaa karibu na daftari lake, anajifanya anasoma.

Alivuta vipande viwili vya zamani, vikatoka bila ubishi. Akachukua kipya, akakilinganisha, akakisukuma. Hakikuingia. Akakigeuza. Hakikuingia. Akainama mpaka pua ikagusa feni, ndipo akaona: ndani ya ile nafasi palikuwa na kijiukuta kidogo, na pengo la kile kibao halikukaa juu yake. Lilipishana nacho. Si kwa mengi, upana wa punje ya mchele.

"Baba, hiyo siyo yake," binti alisema. "Ona hata ya zamani pengo lake liko kwingine. Tukairudishe."

"Leo Jumapili. Wamefunga."

"Kesho asubuhi basi."

"Kesho saa mbili mama yako anatakiwa awe kazini. Yule naye anafungua saa mbili. Unataka mama yako achelewe siku ya kwanza?"

"Lakini haiingii, baba."

Sasa hapo ndipo palipoharibika. Mtu mwingine yeyote angekwama hapo, angeshika kichwa, angemwita mkewe, wangelia pamoja na yakaisha. Lakini Daktari alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kukiona kitu hakiingii kikaingia. Ufunguo ukigoma, tatizo ni jino au ni pengo. Jino unalipunguza, pengo unalichonga. Ndiyo kazi aliyomlishia huyu binti tangu anazaliwa. Alikitazama kile kibao, akatazama kile kijiukuta, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa vifaa, ukatoka na tupa nyembamba, ile ya makufuli madogo ya masanduku.

"Baba!"

"Nyamaza. Nachonga pengo tu. Sigusi kitu kingine."

Alikibana kibao kati ya vipande viwili vya kitambaa asikikwaruze. Alipiga tupa taratibu, akipuliza unga, akipima kwa jicho, akipiga tena. Unga wa kijani na wa dhahabu ulidondoka kwenye kitambaa cha meza. Kazi ilikuwa nzuri, lazima tuseme haki: pengo lilinyooka, kingo zake laini, na alipomaliza cha kwanza akafanya cha pili sawasawa nacho. Kule chumbani vidole viliendelea, taka-taka-taka.

Vikaingia. Vilihitaji nguvu kidogo ya kidole gumba, lakini vikaingia, vibanio vikafunga pande zote mbili, na Daktari akamtazama bintiye kwa uso wa ushindi. "Si niliku—" alianza, huku akibonyeza kitufe.

Feni ilizunguka mara moja. Ukatoka mlio mdogo, kama mtu amebana ulimi, halafu harufu, halafu uzi wa moshi ukapanda katikati ya mashine, mwembamba, hata haukufika darini. Feni ikasimama. Akabonyeza tena. Akachomoa waya, akachomeka, akabonyeza. Akavitoa vipande vipya, akarudisha vya zamani, akabonyeza mpaka kidole kikamuuma. Kimya. Mashine ile iliyomwandikia wakili mashtaka ya miaka mingi haikutoa hata pumzi.

Binti alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Usimwambie mama yako," Daktari alisema kwa kunong'ona. "Nitamwambia mwenyewe. Umesikia? Mwenyewe."

Binti akaitika kwa kichwa. Daktari akavirudisha vipande vipya ndani ya mashine, akakikung'uta kitambaa cha meza dirishani.

Na kweli alikusudia kusema. Mkewe alipotoka, hedifoni shingoni, akanusa, akauliza kuna nini kinaungua, Daktari alifungua mdomo akiwa na ukweli wote tayari. Kilichotoka kilikuwa hiki: "Yule Miwani katuuzia mbovu. Nimechomeka tu, zimeungua na mashine."

Mkewe akakaa kwenye kiti cha karibu. Hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Imekufa kabisa?" Halafu akauliza duka linafunguliwa saa ngapi.

Binti akachukua daftari lake, akatoka nje.

*

Jumatatu mkewe alivaa sketi yake ya ofisini na blauzi nyeupe aliyoipiga pasi tangu Ijumaa. Saa mbili kasoro robo alimpigia simu msimamizi wake mpya, sauti ya msichana mdogo aliyekuwa na haraka, akamweleza.

"Pole sana, mama," msichana alisema. "Mimi sina uwezo. Mfumo ndio unaofunga. Ukiingia kabla ya saa sita kamili, jina lako linabaki. Ikipita hapo linakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, hata mimi siwezi kulirudisha."

"Kuna anayefuata?"

"Wako thelathini na tisa, mama."

Wakaibeba mashine. Ndiyo, ile ile ambayo haikubebeka Ijumaa. Daktari aliitia begani imefungwa shuka, mkewe akabeba mfuko wenye nyaya na risiti, wakapita mtaa mzima mchana kweupe. "Daktari, unahama?" mtu alimtania. Hakujibu.

Miwani hakufungua saa mbili. Alifungua saa nne na nusu, anaomba radhi, mtoto alikuwa na homa. Kufikia hapo walikuwa wamesimama mbele ya mlango wake zaidi ya saa mbili, na wateja watatu walikuwa wameshajipanga nyuma yao, yule mwenye stoo ya saruji akiwamo. Ng'ambo, kibanda cha Daktari kilikuwa kimefungwa, na watu wawili walikuwa wakimsubiri na vitasa vyao mkononi.

Mkewe hakungoja hata Miwani avue koti. "Bwana, umemuuzia mume wangu memori mbovu, na mbovu yako imeniulia mashine. Nimekaa kwa wakili miaka kumi na minane. Muhuri wako huu wa hairudishwi nimeuandikia barua zaidi ya unavyofikiria. Haukulindi kama kitu ulichouza ni kibovu. Nataka vitu viwili: memori nzima na mashine inayofanya kazi, na nazitaka kabla ya saa sita."

Aliongea vizuri, jamani. Alinyooka, sauti haikupanda wala kushuka, na wale wateja wakaanza kumtazama Miwani kwa jicho la kuuliza. Daktari alisimama nyuma yake. Kila neno lilimwingia kama mwiba, kwa kuwa lilikuwa zuri, na lilikuwa limesimama juu ya uongo wake.

"Tuione kwanza, mama," Miwani alisema. "Kama kosa ni langu, nitalibeba."

Akafungua ubavu wa mashine. Akashusha miwani. Akachomoa kipande kimoja, akakigeuza, akakiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akakaa nacho hivyo muda mrefu. Akachomoa na cha pili.

"Hii kitu imepigwa tupa," akasema.

Wateja wakasogea karibu waone.

"Mashine yenu ni ya tatu. Memori hii ni ya nne, haiwezi kuingia hata kwa dawa. Mtu kachonga pengo jipya, kakata njia zote za umeme." Sasa alikuwa anacheka, si kwa dharau, kwa mshangao. "Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja sijawahi kuona. Nani kapiga tupa memori?"

Mkewe akageuka. Hakumtazama Daktari usoni. Alitazama mikono yake. Kwenye kucha ya kidole gumba cha kulia palikuwa bado na unga wa kijani ambao sabuni haikuutoa. Aliutazama unga ule kidogo tu. Halafu akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda kile cha mabati, na wale watu wawili waliokuwa wakimngoja fundi. Sasa hicho ndicho kilichobaki. Kwenye nyumba yao hapakuwa na kingine cha kuleta unga wala ada ya shule, na jina la fundi likishakuwa kichekesho halirudi.

Daktari alifungua mdomo.

"Ni mimi," mkewe akasema.

"Wewe, mama?"

"Ndiyo. Mume wangu alikuwa hayupo. Niliona haiingii, nikachukua tupa yake."

Hapo kicheko kikapasuka. Mwenye stoo ya saruji alishika tumbo. "Mke wa fundi naye fundi!" alisema. Mwingine akasema wanawake na mashine wapi na wapi. Na Miwani, kwa upole wake wote, akampa somo, pole pole, kama anayemweleza mtoto: kwamba kompyuta haitaki nguvu, kwamba kitu kisipoingia usikilazimishe, kwamba mama ukiona hujui, uliza. Alimfundisha yeye, aliyechapa miaka kumi na minane bila kosa, yeye wa kwanza katika watu arobaini. Naye akaitikia, "Ndiyo. Nimeelewa. Ndiyo."

Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika ishirini.

"Sasa nisikilize," alisema somo lilipokwisha. "Sikudai kitu tena. Ila ile mashine pale pembeni, naona imekaa tu. Nikodishie wiki moja. Nimepata kazi ya kuandika, nikiingia kabla ya saa sita naipata, nisipoingia imekwenda. Mshahara wa kwanza nakulipa ya kukodi, naweka na barua kwa mkono wangu. Nakaa hapa hapa dukani kwako kama huniamini."

Miwani aliitazama ile mashine. Ilikuwa na memori ya nane, imefutwa vumbi, waya umezungushwa juu yake. Akajikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, na ilionekana anataka.

"Ningekupa, mama," akasema. "Wallahi ningekupa. Mtu wa kazi kama hiyo ningempa bila hata barua. Lakini..." akakiinua kile kibao chenye mapengo mawili. "Utanisamehe. Mtu aliyefanya hivi, nimpe mashine yangu?"

Mkewe akageuka tena kumtazama mumewe, na safari hii alimtazama usoni. Hakuwa anamficha sasa. Alikuwa anamwomba. Maneno yalikuwa mawili tu, yale yale aliyoyasema yeye, na saa ilikuwa bado inaruhusu. Miwani naye alikuwa akimtazama, na mwenye stoo ya saruji mwenye makufuli tisa, na wote walikuwa wakingoja mume wa mtu aseme neno kumtetea mkewe.

Daktari akatazama ng'ambo, kwenye kibanda chake. Aliyaona yale maneno mawili. Aliyaona kabisa.

"Hatarudia tena," akasema.

Miwani akatikisa kichwa kwa huzuni. "Siwezi, Daktari. Niwie radhi."

*

Walirudi kwa njia ya nyuma, ya uchochoroni. Mashine ilimlemea bega, na mara mbili ilibidi asimame kuibadilisha upande. Mara ya pili alisema, "Mama watoto, mimi..."

"Usiseme," mkewe alimkata. "Ukisema itabidi nikujibu."

Saa sita ilipogonga kwenye redio ya jirani walikuwa wanaingia mlangoni. Simu ikatetemeka ndani ya mfuko wa nyaya. Mkewe aliisoma akiwa amesimama, akaizima, akaenda chumbani kuvua blauzi. Alikaa huko kwa muda, na Daktari alisikiliza kama analia. Hakusikia kitu. Alipotoka alikuwa amevaa nguo za nyumbani, akapita moja kwa moja jikoni, na Daktari akabaki kwenye kiti, hajui aende kibandani au abaki. Alibaki. Mashine ilikaa juu ya meza ya kulia ndani ya shuka lake, na hakuna aliyeitoa, ikabidi sahani zipangwe kuizunguka.

Saa kumi binti alirudi kutoka shule. Aliingia mbio, begi bado mgongoni, akapita sebuleni bila kusimama mpaka jikoni.

"Mama! Mashine ilipatikana? Umeanza? Imekuwaje?"

"Sikuanza, mwanangu." Sauti ilitoka jikoni, ya kawaida tu, na kisu hakikusimama kukata kitunguu. "Niliiharibu mwenyewe mashine. Zile memori hazikuingia, nikatumia tupa ya baba yako. Ujinga wangu tu. Kazi wamempa mwingine."

Halafu binti akatokea kwenye mlango wa jikoni na kusimama hapo, akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa jambo litasemwa na mwenyewe, akaamini.

Daktari alitazama shuka lililofunika mashine. Akalinyoosha pembe moja iliyokunjika.

"Kanawe mikono," akasema. "Chakula kiko karibu."

Binti alisimama kidogo zaidi. Kisha akarudi jikoni, akasikika akimwambia mama yake pole, akamwomba kisu amsaidie. Alipomaliza alipita sebuleni kwenda chumbani kubadili sare, akapita mbele ya kiti cha baba yake bila kumwamkia. Na Daktari, ambaye siku nyingine yoyote angemwita arudi atoe shikamoo yake, hakumwita.